Springi ya Nyuma Kushoto

Kuna wakati gari langu lilikuwa gumu kiasi kwamba nikikanyaga punje ya hindi barabarani nilijua, bila kushuka, kama ni hindi jeupe au la njano. Nikikanyaga harage nilijua limekauka au bado. Na hivyo ndivyo nilivyolitaka. Lilikuwa gari la mbio la Kijapani, la milango minne, lenye tundu juu ya boneti la kuvuta hewa na bawa nyuma ambalo kuku wawili wangeweza kulalia bila kugusana. Nililipata baada ya miaka mingi ya kuuza misumari na rangi katika duka langu hapa Keumbu. Siku ya kwanza nililizunguka nikaliona kasoro moja tu: lilikuwa juu mno. Magari niliyokuwa nikiyatazama kwenye simu, yale yanayozunguka viwanja vya mbio huko ng'ambo, yalilala chini kama paka anayevizia panya. Langu lilisimama kama mbuzi.

Basi nikalishusha. Nikaliwekea springi fupi, ngumu, na shokabsoba za kiwanjani, na wiki ile nikapita sokoni kama mtu aliyetoka kuapishwa bungeni. Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni, na fizikia nilipasi. Lakini fizikia yote hiyo haikunikumbusha kwamba kiwanja cha mbio hakina matuta. Barabara zetu zina matuta mbele ya kila shule, kila kanisa na kila soko, na mengine nadhani yaliwekwa tu kwa kuwa saruji ilibaki.

Aliyeniharibia jina ni mjomba wa mke wangu. Nilimbeba mara moja kutoka Kisii mjini hadi kwao, mbele ya Ekerenyo. Alishuka ameshika kiuno, akawaambia watu wa boma lile kwamba alipanda gari akiwa mrefu kuliko kaka yake, na sasa wako sawa. Maneno hayo yalimfikia mama mkwe wangu kabla vumbi la tairi zangu halijatulia.

Hayo yangebaki mzaha kama mke wangu hangejifungua.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa mnene, na sauti yake ingeweza kuita ng'ombe waliovuka bonde la pili. Mke wangu alitaka kitu kimoja tu: mama yake aje amshike mtoto angali mchanga. Mama yake naye alitaka hivyo hivyo. Ila alikuwa na kiuno kibovu, kazi ya miaka mingi ya kuchuma majani chai, kwa hiyo bodaboda hakuweza, na habari za gari langu alishazisikia. Nikasema nitakodi gari laini la mtu mwingine. Jibu lilikuja kwa simu kupitia kwa binti yake mdogo, shemeji yangu anayeishi naye: mama anasema mkwe wake ana gari, akija na la kukodi majirani watasema mkwe hamtaki garini mwake. Kwa hiyo gari la kukodi lilikuwa aibu, gari langu lilikuwa mwisho wa kiuno, na yeye afadhali angoje mtoto akue, aende Ekerenyo kwa miguu yake mwenyewe.

Mke wangu hakulia wala hakugomba. Alimweka mtoto begani akanitazama.

"Wewe ndiye uliyelifanya gumu," akasema. "Lilainishe."

Nina rafiki fundi, mtu wa upande wa ziwa, ambaye gereji yake ya mabati iko hatua chache kutoka dukani kwangu. Ni mrefu na mwembamba kama mpini wa jembe, na sauti yake imezoea kushindana na nyundo. Yeye ndiye aliyenifungia zile springi ngumu, akicheka, na ndiye aliyezifungua, akicheka vilevile.

Watu hudhani gari gumu ndilo linaloshika barabara. Kwenye lami laini kama sahani, sawa. Kwetu, springi ngumu ikikuta shimo tairi linaruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote, hata usukani ukiwa mkononi mwa bingwa wa dunia. Kwenye zile kona za kuteremkia kutoka Nyamira gari langu lilikuwa likirukaruka kwenda kando, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mimi nikidhani huo ndio uhodari.

Tukaweka springi laini zaidi, tukaliinua gari vidole vitatu, tukabadilisha bushi za mpira zilizokuwa zimeliwa kama biskuti, na tukaweka shokabsoba zenye kinobu juu: ukizungusha huku inalainika, ukizungusha kule inakaza. Kisha magurudumu yakanyooshwa upya, maana ukigusa springi umegusa na mwelekeo wa tairi. Kila jioni nikifunga duka tulikwenda kwenye mlima uleule wa kona, tukashuka na kupanda, tukazungusha kinobu kidogo, tukarudia. Ikiwa laini mno, gari lilitikisa kichwa kila baada ya tuta, likikubali jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Ikiwa ngumu mno, meno yakagongana. Halafu jioni moja tukapapata mahali penyewe. Gari lilimeza tuta likatulia papo hapo. Kwenye kona lililala kidogo tu, kama mtu aliyejiegemeza mlangoni akisikiliza habari njema, na usukani ukawa mwepesi mkononi, na mashamba ya chai yakapita pembeni kama mtu anayekunja zulia. Fundi alinyamaza kutoka juu hadi chini. Kabla ya hapo sikujua kwamba anaweza.

Tungekomea hapo, tungelala vizuri. Lakini akasema ajaribu kukaa kiti cha mama mkwe.

Sisi Wakisii, mtu na mama mkwe wake wana chinsoni baina yao, heshima yenye haya ndani yake. Humpi mkono. Humkazii macho. Mambo ya mwili hayatajwi, na mkikaa mnaachiana nafasi. Ndani ya gari nafasi kubwa kabisa ni hii: dereva mbele kulia, mama mkwe nyuma kushoto. Ukimweka mbali zaidi ya hapo, umemweka kwenye buti. Basi fundi akakaa nyuma kushoto, tukapita tuta la sokoni, na tairi la upande wake likagusa madigadi. Krr. Kidogo tu. Lakini fundi, nimeshasema, ni mpini wa jembe.

Dawa yake ilikuwepo. Chini ya springi kuna pete yenye nyuzi kama nati kubwa. Ukiipandisha, kona ile ya gari inainuka. Ila huipandishi kwa kubahatisha. Ukiinua kona moja, uzito unazidi pale na kwenye kona inayoitazama kwa mshazari. Na kona inayoitazama nyuma kushoto ni mbele kulia. Yaani mimi. Mila ilikuwa imetutenganisha mimi na mama mkwe hadi pembe za mwisho za gari, na springi zikatuunganisha kimya kimya. Kila kilo yake ilinihusu.

"Mama mkwe wako ana kilo ngapi?" fundi akauliza.

Nikamwambia swali hilo haliulizwi.

"Sikusema umwulize. Nataka kujua ni mtu wa kadiri gani."

"Ni mtu wa heshima."

"Heshima ya kilo ngapi, omera, ndugu yangu?"

Yeye mwenyewe alikiri kwamba hata kwao mama mkwe ni moto, haushikwi kwa mkono, lakini wake hana haja ya kupanda gari lililoshushwa. Nilipojaribu kumdokezea mke wangu, alinitazama kana kwamba nimemwomba picha ya mama yake akioga. Nikageuza haraka. Nikasema nataka kumshonea mama nguo, nipe vipimo. Hapo uso ukamng'aa, akaniandikia vipimo vyote, akachagua na kitenge, cha buluu chenye maua. Mwanamume anatafuta uzito, anajikuta kwa fundi cherehani.

Nguo ilipokuwa tayari niliipitisha gerejini kabla ya kuituma kwa mama. Fundi akaitandaza juu ya gunia la mahindi la kilo tisini, akalizunguka amefumba jicho moja, akasema vinalingana. Kisha akataka kulivisha gunia ile nguo ili aone vizuri. Nikaichukua.

"Gunia halivai nguo ya mama mkwe wangu," nikamwambia.

Tukaliketisha gunia bila nguo, nyuma kushoto, na mkanda tukalifunga. Kabla hajaanza kuzungusha pete, nikamsimamisha. Niliona si adabu kusema mama mkwe ni gunia zima. Nikafungua kamba, nikachota mahindi debe moja nikayaweka kando, kwa heshima. Fundi alishangaa, lakini gari ni langu na mama mkwe ni wangu. Tukapanga springi kwa gunia lililopunguzwa, tukapita kila tuta la Keumbu, na hakuna kilichogusa chochote.

Nikaenda kumchukua Jumapili, maana Sabato yake haiguswi. Nilivaa suti yangu ya harusi. Boma lao limezungukwa na chai hadi mlangoni, na kina mama wanne watano wa kwaya ya kanisa walikuwa wamekuja kumsindikiza. Akatoka amevaa kile kitenge cha buluu, na kilimkaa kama alizaliwa nacho. Tukasalimiana kwa mbali, nikitazama viatu vyangu.

Kisha vitu vikaanza kutoka nyumbani. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa Kisii analijua: nyanya haendi kumwona mjukuu mikono mitupu. Ikatoka mikungu miwili ya ndizi. Ukatoka mfuko wa unga wa wimbi. Vikatoka viazi vitamu, furushi la mboga za chinsaga mbichi kwa ajili ya mzazi aongeze maziwa, boga la ukubwa wa kiti, na kuku jike aliyefungwa miguu, aliyenitazama kama ananijua. Buti likajaa. Vilivyobaki vikawekwa kando ya mama. Shemeji akaketi mbele kushoto na boga mapajani. Gari likachuchumaa nyuma kama ng'ombe anayetafuta pa kulala.

Nikaondoa gari polepole. Langoni kuna mfereji wa maji ya mvua. Tukauvuka, na nyuma kushoto ikatoka sauti ndefu, kama ng'ombe anayejikuna mgongo kwenye bati.

Mama mkwe akamgusa shemeji bega. Mwambie asimame.

Nikasimama. Akafungua mlango, akashuka, akasimama kando ya barabara ameshika mkoba kwa mikono miwili, akilitazama lile tairi. Kina mama wa kanisa, ambao walikuwa hawajamaliza kupunga mikono, wakaishusha. Nikajua akigeuka akaingia ndani, ndiyo basi. Na Keumbu mke wangu alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi na mtoto aliyeogeshwa mara mbili, akisikiliza kila gari linalopanda. Angelisikia langu likija, angesimama, na kiti cha nyuma kingekuwa kitupu.

Nikampigia fundi. Simu yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja: haisikiki ila kwa spika ya nje. Nikajitenga kwenye mistari ya chai, nikamwuliza kwa sauti ya chini nizungushe pete mara ngapi zaidi. Sauti yake ikatoka simuni, ikapita juu ya chai, ikafika kila mahali.

"Kwani mama mkwe amelishinda gunia?"

Shemeji alitazama mawingu. Hata kuku aliacha kulalamika.

"Gunia gani?" mama mkwe akamwuliza binti yake.

Shemeji akanigeukia, mimi niliyekuwa hatua kumi na kusikia kila neno, kana kwamba niko Mombasa. "Shemeji, mama anauliza gunia gani."

Nikarudi. Nikamweleza shemeji, nikiwa nimelikazia macho boga lililokuwa mapajani mwake. Nikaeleza springi, na pete, na jinsi tairi linavyogusa, na gunia la mahindi lililofungwa mkanda, na kwamba tulichota kidogo.

"Mwulize walichota kwa nini."

"Kwa heshima," nikasema.

Kwanza mkoba ndio ulioanza kutikisika. Halafu mabega. Halafu mama mkwe wangu akacheka kicheko kilichotoka chini kabisa, akashika mti wa lango, na kina mama wa kanisa, walipoona kumeruhusiwa, wakaangua, mmoja akakaa chini kwenye nyasi kabisa. Alipomaliza kufuta machozi kwa ncha ya leso, akanigeukia mimi. Si shemeji. Mimi. Tangu siku ya harusi hakuwa amenisemesha moja kwa moja zaidi ya salamu.

"Mwanangu, kliniki walinipima majuzi. Ni kilo mia moja na mbili. Kwa nini hukuniuliza?"

"Mama, ningekuulizaje?"

Akafikiri.

"Kweli," akasema. "Ningekufukuza."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, bado iko hewani. "Mia na mbili, pamoja na mizigo," fundi akasema kutoka Keumbu, safari hii kwa adabu. "Basi pandisha pete mizunguko minne, halafu pima. Na kinobu kaza kidogo. Na umsalimie mama."

"Mwambie nimesalimika," mama mkwe akasema.

Nikavua koti, nikatoa jeki na spana. Ardhi ilikuwa laini, kina mama wakaleta ubao wa kukalishia jeki. Nikatoa gurudumu, nikalala chali na shati la harusi, miguu yangu imetokeza nje mbele ya mama mkwe na nusu ya kwaya, nikapandisha pete. Nikarudisha gurudumu, nikashusha gari. Sasa kulikuwa na jambo moja: huwezi kupima pengo kati ya tairi na madigadi bila mwenye uzito kuwa ndani.

"Mama, panda," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Akapanda. Nikaingiza vidole juu ya tairi. Bado. "Mama, shuka." Akashuka. Nikainua tena, nikazungusha tena. Mama, panda. Mama, shuka. Sidhani kuna mkwe katika Nyamira yote aliyewahi kumwamuru mama mkwe wake hivyo na kubaki na mke. Mara ya tatu alikuwa ameshaingia katika kazi yenyewe, ametoa kichwa dirishani.

"Vidole vingapi?"

"Viwili na nusu, Mama."

"Ongeza."

Nikaongeza. Vikawa vitatu. Nikakaza kinobu, nikanawa mikono kwa maji ya jagi, tukaondoka huku kwaya ikiimba kweli, maana walishakuwa na furaha na hapakuwa na pa kuipeleka.

Mfereji wa kwanza tuliuvuka nikiwa nimezuia pumzi. Tup, tup. Kimya. Tuta la soko la Ekerenyo, tup, tup. Kimya. Shemeji akaniletea taarifa kutoka kiti cha nyuma: mama anasema endelea. Nikaendelea, kwa mwendo wa kobe aliyeshiba, nikitambaa juu ya kila kijiwe, hadi tukaipita Nyamira mjini, na hapo ikaja taarifa nyingine.

"Mama anasema hujabeba jeneza."

Basi nikaliachia kidogo. Si mbio, sitaki mtu wa trafiki asome hapa anitafute. Kiasi tu cha gari kujua kwamba limekumbukwa. Likanyoosha pua, likaingia kona ya kwanza na ndizi zake, na wimbi lake, na kilo mia na mbili za heshima, likalala kidogo, likasimama, likaingia ya pili. Lilitulia kuliko nilipokuwa peke yangu. Uzito ulikuwa umekaa mahali pake, yeye pembe ile na mimi pembe hii. Injini ikapiga ule mluzi wake wa kuvuta hewa. Mama akauliza, kwa njia ya shemeji, ni nani anayepiga mluzi. Nikasema injini inapumua.

"Basi aiache ipumue," akasema. Akaanza kuvumisha wimbo wa kanisani, na kwenye kona alikuwa akiuvuta mstari hadi gari linyooke.

Tulipofika Keumbu, mke wangu alikuwa amesimama hata kabla sijazima gari. Mama mkwe akashuka mwenyewe, mkono mmoja kiunoni. Akajinyoosha. Akangoja aone kama kiuno kina la kusema. Hakikuwa nalo. Ndipo alipotembea hadi mlangoni, akanyoosha mikono, akapokea mjukuu wake. Mtoto, aliyekuwa akipiga kelele za kuita ng'ombe, akamkodolea macho, akanyamaza. Walikaa hivyo wakitazamana, mmoja wa kilo mia na mbili na mmoja wa nne. Mke wangu akanitazama juu ya bega la mama yake. Nikaenda kuteremsha ndizi nikiwa mbali kwa heshima, huku naimba kwa pua wimbo ambao hata si wa kanisa langu.

Alikaa wiki mbili. Siku niliyomrudisha, alipofika kwake, chinsoni ilikuwa imesharudi mahali pake kama kawaida. Alisimama mbali, akazungumza na shemeji, na shemeji akaniambia: "Mama anasema ile springi usiiteremshe."

Sijaiteremsha. Nikiwa peke yangu garini kona ile ya nyuma imeinuka, gari linapita sokoni limejinyanyua kiuno upande mmoja, na vijana wa bodaboda wananiuliza kama nimepata ajali. Fundi anaumia zaidi kuliko mimi; kila akiliona gari langu anatoa spana, anasema ni aibu kwa kazi yake, nimwachie nusu saa tu alisawazishe. Namwambia arudishe spana mfukoni. Jumapili naenda tena Ekerenyo, na kuna mtu wa kukaa pale.